Namba ya Asubuhi

Jumanne, Kasulu. Ukungu tangu alfajiri, manyunyu hadi karibu na adhuhuri, kisha jua la kuazima. Mimi mwenyewe: sijambo asubuhi, hoi alasiri.

Ni hayo maneno ya mwisho ninayotaka kuyaandikia leo.

Nimeshinda kwenye kochi, mito imepangwa mgongoni, kwa sababu nikilala chali pumzi inakata. Miguu imevimba. Nimevaa malapa ambayo mwanangu Deusi aliyaacha alipokuja Pasaka. Yangu hayaingii tena. Ukutani, kando ya kalenda ya parokia, imetundikwa barometa niliyopewa siku ya kustaafu. Zamani nilikuwa kila nikipita naigonga kioo kwa ukucha, polepole, kama tulivyofundishwa, ili mshale uliokwama ujitikise na kuonyesha ukweli. Siku hizi sipiti sana. Mke wangu, Mama Deusi, ndiye anayenigongea na kunisomea. Akimaliza ananitazama juu ya miwani.

"Umeridhika, Bwana Hewa?"

Bwana Hewa ni jina nililopewa Kibondo. Kwa msomaji mgeni wa ukurasa huu: nilikuwa mtu wa hali ya hewa. Nimezaliwa Lushoto, nikasomea kazi, nikaanzia Tanga mjini, kisha serikali ikanileta Kibondo nikiwa kijana wa suruali ya bugaluu. Nilidhani nitakaa kidogo nirudi pwani. Nikaoa binti wa Nyabibuye, muuguzi wa hospitali, ambaye baadaye alihudumia wakimbizi kambini Mtabila hadi kambi ilipofungwa. Tulipostaafu tukajenga hapa Kasulu. Sasa najua sirudi pwani. Wala sisikitiki.

Kazini nilifanya mengi. Nilipima mvua, nilipima upepo, nilijibu maswali ya wakulima waliodhani mvua naifungua mimi. Lakini moja niliipenda kuliko zote: kumsomea rubani mgandamizo wa hewa kwa redio, ili aweke altimita yake sawa kabla ya kushuka.

Niliwasomea watu nisiowajua namba sahihi kwa miaka mingi. Na tangu mvua hizi zianze nimekuwa nikimsomea mjukuu wangu namba ya uongo.

Nimeandika. Sasa niseme jinsi ilivyokuwa.

Mjukuu wangu ni Skolastika, mtoto wa Deusi, nasi tunamwita Skola. Yuko Dar, anasomea urubani. Ijumaa ya wiki ijayo ana mtihani wa kutua kwa vyombo, yaani kushuka ndani ya wingu bila kuona nje, macho kwenye mishale tu. Ameusubiri mtihani huo kama wengine wanavyosubiri harusi. Amepanga kuja Krismasi akiwa ameshafaulu, tule migebuka ya ziwani pamoja, anisimulie.

Daktari wetu hapa, kijana mpole kutoka Mbeya, ameshika mkono wangu na kusema moyo umechoka. Nilimuuliza kuhusu Krismasi. Akaangalia dirishani. Daktari anayeangalia dirishani ameshajibu.

Skola hakuambiwa.

Inabidi nieleze kidogo habari ya altimita, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini mke wangu alininunia.

Altimita haipimi kimo. Wengi hawajui. Inachopima ni mgandamizo wa hewa, kisha inakisia kimo kutokana na huo. Usoni pake ina dirisha dogo lenye namba, na kando kuna kitufe cha kuzungusha. Mtu wa chini anamwambia rubani mgandamizo wa pale uwanjani ukishahesabiwa kama vile uwanja uko usawa wa bahari. Rubani anaizungusha namba hiyo ikae dirishani, na altimita inaanza kusema kweli. Ikiwa namba aliyopewa ni kubwa kuliko ilivyo kweli, altimita itamwonyesha yuko juu kuliko alipo. Atadhani bado ana nafasi chini yake, kumbe hana.

Namba kubwa inapendeza. Ndiyo inayoua.

Nilipofika Kibondo sikujua kitu. Tanga tulikuwa pwani, uwanja na bahari karibu vimelingana, kwa hiyo unachosoma kwenye barometa na unachompa rubani havipishani sana. Siku yangu ya kwanza huku juu nikaigonga barometa, nikaisoma kama ilivyo, milibari mia nane hamsini na kitu, nikaipaza redioni kwa fahari. Rubani alikuwa Kapteni Rajabu, ambaye baadaye tulizoeana hadi akawa anatuletea dagaa. Akasema, "Bwana mdogo, dirisha langu halina namba hiyo. Kwani Kibondo mmehamia mwezini?"

Nilikuwa nimesahau kuwa tumekaa juu ya milima. Nikafanya hesabu mbio mbio, nikampa namba ya kweli. Alipotua alinipa mkono akicheka, na jioni hiyo Kibondo nzima ilijua. Wauguzi walipokuwa wanapita ofisini kwangu waliniuliza habari za mwezini. Mmoja wao aliuliza mara nyingi kuliko wenzake, nikamwoa.

Lakini Kapteni Rajabu aliniambia neno siku ile. Alisema kosa kubwa kama lile halimtishi, kwa sababu haliingii hata dirishani. Anachoogopa ni kosa dogo. Milibari tatu, nne. Hilo linaingia bila kelele, linakaa vizuri, na wewe unashuka nalo.

Na kosa dogo tulilokuwa nalo huku lilikuwa la kila siku. Ni namba ya asubuhi.

Katika nchi zetu mgandamizo una desturi yake. Unapanda hadi katikati ya asubuhi, halafu unateremka taratibu hadi alasiri, hata siku isiyo na mvua wala upepo. Ukiambiwa namba saa nne asubuhi na ukaja kuitumia saa kumi, umejiongezea milibari hizo tatu, nne. Kwa kimo ni futi mia na zaidi, sawa na mikaratusi ile mirefu ya kwenye kilima cha uwanja. Marubani walikuwa wanapata namba ya asubuhi kutoka Kigoma mjini, wanazunguka na kazi zao, wanakuja kwetu alasiri wakiwa nayo bado dirishani. Uwanja wetu haukuwa na mitambo ya kumwongoza mtu hadi chini. Rubani alitoboa wingu kwa vyombo vyake, na alikuwa na kimo chake cha kuamua: akikifikia hajaona uwanja, anapaa tena. Sasa kimo cha kuamua kina faida gani kama altimita imekwenda juu kuliko ndege?

Kwa hiyo nilijiwekea utaratibu. Rubani akiita alasiri, hata akisema namba anayo, nilikuwa namwambia, "Hiyo ni ya asubuhi. Chukua ya sasa." Namsomea, ananirudishia neno kwa neno, nami nasema "Sahihi." Bila kurudishiwa sikukaa kimya. Wengine walikereka. Kapteni Rajabu alinitetea. Kuna siku alikuwa ameshaanza kushuka na wingu limekaa zito, ndani ana mama mjamzito aliyemchukua kiwanja kingine kumleta hospitali kwetu, akasikika amebanwa kweli. Nikasita. Nikafikiri, mtu ana mzigo mkubwa hivi, nimwongezee na namba? Nikampa. Alitua salama, mimi nikaenda kuomba radhi kwa kumsumbua. Akanijibu akiwa bado anafuta jasho.

"Wewe usinipimie kama nina nafasi ya kusikia. Ipaze tu. Ya kuamua niachie mimi."

Maneno hayo nimekuwa nikimsimulia Skola tangu akiwa darasa la pili. Nadhani ndiyo yaliyompeleka Dar.

Sasa tazama nilichomfanyia.

Nilimwambia apige asubuhi tu, kwamba mtandao wa Kasulu unakuwa mzuri asubuhi. Uongo. Mtandao ni ule ule. Asubuhi mimi ndiye ninakuwa mzuri. Nikishaamka, nikanywa dawa na uji wa Mama Deusi, ninapata kama saa moja au mbili za sauti kamili. Naweza kucheka bila kukohoa. Skola ananisikia saa hiyo, anaiweka namba hiyo dirishani, anaruka nayo siku nzima. Alasiri yangu haijui.

Baba yake alikubali. Ndugu zake Deusi wote walikubali. Tuna kundi la familia kwenye simu, na kila siku mtu anaandika, "Mzee anaendelea vizuri, tumshukuru Mungu," na mimi mwenyewe naweka kidole gumba. Inanikumbusha ndege zinazosafiri juu sana. Huko zote zinaweka namba moja ya makubaliano, elfu moja kumi na tatu, hata kama si ya kweli mahali popote chini yao. Zinakosea sawasawa, kwa hiyo hazigongani. Ni utaratibu mzuri kabisa, ukiwa juu. Ukianza kushuka unauacha.

Sisi tumeanza kushuka zamani.

Jumapili Skola alipiga baada ya misa ya kwanza. Mama Deusi alikuwa mlangoni na ungo wa maharage, anachambua. Simu tuliiweka kwa sauti kubwa.

"Shikamoo, mume wangu," Skola akaanza.

"Marahaba, mke wangu. Umekula?"

"Nimekula chapati. Bi mkubwa yuko wapi, asije akanisikia."

"Yuko hapa na ungo wake, anakusikia vizuri tu."

"Bi mkubwa, endelea kunitunzia mume, nakuja kumchukua Krismasi."

"Njoo hata leo!" Mama Deusi akapaza sauti. "Anadeka kama mtoto, anakoroma kama trekta. Mchukue na malapa yake!"

Skola alicheka hadi akashindwa kusema. Halafu akanisomea swali lililomsumbua. Kiwanja hakina mtu wa kusoma mgandamizo. Kituo kilicho karibu zaidi kipo mbali, bondeni. Rubani anakuja kutua kwa vyombo. Atumie namba ipi?

"Natumia ya kituo cha bondeni," akasema, "halafu nashuka hadi kimo changu cha kuamua kama kawaida."

"Umeshagonga mti, mama."

"Babu!"

"Umegonga. Mimi na bibi yako tunatafuta nguo nyeusi."

"Hapo nimechemka wapi sasa? Si ndiyo namba iliyopo?"

"Ndiyo iliyopo, lakini umeiazima. Hewa ya huko si hewa ya hapo unapotua. Namba ya kuazima ina shaka ndani yake, na shaka hiyo lazima uilipie. Unakipandisha kimo cha kuamua. Kadiri kituo kilivyo mbali, ndivyo unavyoamua ukiwa juu zaidi, mapema zaidi, wakati bado una nafasi ya kupaa."

Nilisikia kalamu.

"Rudia," nikamwambia.

"Namba ya kuazima, napandisha kimo cha kuamua, naamua mapema."

"Sahihi."

"Babu, wewe ni hatari. Halafu sauti yako iko poa kinoma leo. Moyo unasemaje?"

"Moyo?" nikasema. "Ninao kama ule wa kijana wa bugaluu."

Akacheka, akanitumia busu kwa simu, akaaga. Nikakata. Nikawa nimejiridhisha. Nimefundisha, nimechekesha, sijakohoa hata mara moja.

Ungo ulikuwa umenyamaza mlangoni.

"Baba Deusi," mke wangu akasema. Akitaka kunisifu ananiita Mzee, akitaka kunitania ananiita Bwana Hewa. Baba Deusi ni la siku mbaya. "Kapteni Rajabu angekuwa ndiye aliyeuliza, ungempa namba hiyo?"

Nikasema ana mtihani. Nikasema akijua atauacha, atakuja mbio, atakaa hapa ananishika miguu, na safari yake yote itaishia kwenye kochi hili. Nikasema namlinda.

"Mana yanje," akasema, yaani Mungu wangu kwa lugha ya kwao, akaweka ungo chini. "Mimi nimewaona wengi Mtabila. Watu waliopita porini usiku, wamepoteza nyumba, wamepoteza ng'ombe. Hakuna aliyenililia kwa sababu aliambiwa. Walionililia ni wale waliokuta mtu wao ameshazikwa, halafu majirani wanawaambia, tuliwaficha msije mkaumia."

Halafu hakusema tena. Maharage aliyapika, akanipakulia, akaniletea maji ya kunawa, yote kimya. Jana pia kimya. Barometa aliigonga, akaisoma, hakuniuliza kama nimeridhika.

Nimekaa na kimya hicho siku mbili, na kimenitoa kitu ambacho sikuwa nimejiambia hata mwenyewe.

Simfichi Skola kwa sababu ya mtihani.

Mtihani ni sababu nzuri, naipenda, nimeivaa kama koti la Jumapili. Lakini ukweli ni kwamba yeye ndiye mtu pekee aliyebaki ambaye kwake mimi si mgonjwa. Deusi akipiga ananiuliza nimekunywa dawa gani. Padri akija anaongea polepole, kama nimekuwa kiziwi. Majirani wakinikuta uani wanasema "pole" badala ya "habari". Skola ananiita mume wake. Ananitania, anabishana nami, ananiuliza kazi. Nikimpa namba ya kweli, nilijua sauti yake itabadilika kama za wengine, na saa yangu ile moja ya asubuhi nitakuwa nimeizima kwa mkono wangu.

Niliogopa kupoteza mke mdogo. Ndivyo Mama Deusi alivyosema nilipomweleza leo, na hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

Nilimwambia nitaandika. Nitaweka kila kitu kwenye ukurasa huu, Skola ndiye aliyenifungulia, ataukuta mwenyewe.

"Kwenye simu unaandika?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Simu hiyo hiyo haiwezi kupiga?"

Nikaiweka simu kando.

Nikataka nisubiri kesho asubuhi. Akatikisa kichwa. Akaenda ukutani, akaigonga barometa, akaisoma. Ilikuwa imeshuka hadi chini kabisa ya siku, kama inavyofanya kila alasiri tangu nilipoijua nchi hii. Akanisomea, akasubiri. Nikarudia. "Sahihi," akasema, akanipa simu mkononi.

Nikapiga.

Skola alipokea haraka, kwa mshangao. "Babu? Saa hizi? Mtandao umekubali?"

Nilitaka kusema shikamoo yake iko wapi, nimtanie. Sikuwa na pumzi ya kutania. Akanisikia navuta hewa. Sidhani kama aliwahi kuisikia sauti hiyo. Kwa muda mrefu kilichokuwa kinasafiri kati ya Kasulu na Dar ilikuwa pumzi yangu tu.

"Babu, ni nini?"

"Namba uliyonayo ni ya asubuhi," nikasema. "Chukua ya sasa."

Mtoto ni mwerevu. Hakuuliza namba gani. Akasema, kwa sauti ndogo, "Niko tayari kupokea."

Nikampa. Nilimwambia moyo umechoka na dawa hazitaupumzisha. Nilimwambia asubuhi ninakuwa hivi na alasiri ninakuwa hivi anavyonisikia. Nilimwambia daktari hanioni nikifika Krismasi, na mimi pia sijioni. Nilimwambia baba yake alijua, na bibi yake hakupenda tumfiche, na kosa ni langu. Nilisema polepole, kipande kipande, napumzika kati, kama tulivyokuwa tunasema redioni mvua ikiwa kubwa.

Kisha nikamwambia, "Rudia."

Nilimsikia analia, akijaribu nisimsikie. Mama Deusi alikuwa amekaa kwenye mkono wa kochi, ameshika bega langu.

"Moyo umechoka," Skola akasema. "Hautapona. Asubuhi unakuwa na nguvu, alasiri huna. Krismasi nisiitegemee."

"Sahihi," nikasema. Ni neno nililolisema maelfu ya mara maishani, na halijawahi kuwa zito hivyo.

Nilianza kumwambia habari za mtihani, kwamba asithubutu kuuacha, kwamba mimi nitasubiri, kwamba. Mke wangu akaniwekea kidole mdomoni. Nikaelewa. Mtu wa chini akishatoa namba na kurudishiwa, kazi yake imekwisha. Anaachia redio. Anayeamua ni yule aliye ndani ya wingu.

"Nakuja Alhamisi," Skola akasema. "Kuna ndege ya Kigoma, halafu napanda gari. Mtihani nitauamua nikishakuona. Nikiona naweza kurudi, nitarudi nifanye. Nikiona siwezi, wataniwekea siku nyingine, na kama hawataki, basi. Usinipangie, babu."

"Sikupangii."

"Ulikuwa unanipangia."

"Nilikuwa nakupangia," nikakubali.

Akapenga kamasi. Nikangoja ile sauti ya kumwongelesha mgonjwa, ile niliyoiogopa. Nilijua inakuja.

"Na nikukute umenyoa hizo ndevu," akasema. "Siwezi kuonekana na mume wa hivyo pale Kasulu stendi."

Mama Deusi aliangua kicheko karibu adondoke kwenye kochi. "Njoo umnyoe mwenyewe, mke mwenzangu! Mimi nimechoka naye!"

Nami nilicheka, nikakohoa, na Skola akasubiri nikohoe hadi mwisho bila kusema pole. Hilo nimelipenda kuliko yote. Alisubiri tu, kama mtu anayesubiri laini itulie.

"Sikukupata vizuri," nikamwambia nilipomaliza. "Siku gani?"

"Alhamisi, mume wangu. Nakuja Alhamisi."

"Sahihi."

Nakiri na hili, kwa kuwa leo ni siku yake: mara ya kwanza nilikuwa nimeisikia vizuri kabisa.

Wiki zote hizo nilikuwa naogopa nikimpa namba atashindwa kuruka. Ameamua kabla chai yangu haijapoa. Kama atafanya mtihani ule Ijumaa ya wiki ijayo au hataufanya, sijui, na najizuia kujua. Nimewaandikia kundi la familia, nimewaambia waache ile namba ya makubaliano, tumeshashuka. Deusi hajajibu. Atajibu. Ni mtoto mzuri, na hofu yake ameitoa kwangu.

Jua limeingia nyuma ya mikaratusi ya shule. Mama Deusi yuko nje anabishana na jirani kuhusu jogoo, maana ameshaamua yupi hataiona Ijumaa. Ameniachia kioo na wembe kwenye meza, hakusema kitu. Sitajinyoa. Nitamwachia yule aliyeziona ndevu zenyewe kwa sauti tu.

Barometa itaanza kupanda tena usiku huu. Kesho saa nne itakuwa juu, nami nitakuwa na sauti yangu nzuri, na Skola atapiga kama kawaida.

Nitamwambia asifurahi sana. Apige tena alasiri.